Mafuta ya Shanga

Lodwar, usiku kabla ya safari yako

Mwanangu Akiru,

Umelala uani, miguu nje ya neti kama kawaida yako, na mimi niko ndani na tochi kwa sababu stima imepotea tena. Gari la Kakuma litapita asubuhi na najua hakutakuwa na nafasi ya kuongea, kwa hiyo naandika.

Sitakuandikia habari za kula, za kuchemsha maji, za kwenda kanisani wala za vijana wa pikipiki. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari ya katoni. Ile uliyoifunga kwa kamba ya buluu ukaikalisha kando ya begi lako kama mgeni anayengoja chai. Umeshajua kwamba niliifungua, na ulinuna kwa sababu hiyo, lakini hukungoja nikueleze.

Sikuwa napekua. Ulikuwa umeenda kuoga, nikapita kuchota maji, nikakanyaga kitu chenye utelezi. Nilidhani ni mafuta ya taa. Kumulika, nikaona doa limetoka chini ya katoni na kuingia kwenye saruji, na sisimizi wa nyumba hii, ambao wanakula mpaka sabuni, wamepiga kona kulizunguka. Nikainama kunusa. Kama ningekuwa nimeshakula, chakula kingerudi.

Basi nikatoa kila kitu nikakipanga sakafuni. Dawa ya kulainisha nywele imejitenga, juu maji ya njano, chini uji mgumu. Krimu ya kuoshea ina kitu cheusi chenye manyoya juu yake. Mwanzo nilidhani ni nywele za mteja wa mtu mwingine, kumbe ni ukungu; nikaugusa kwa njiti ya kibiriti, ukaachia wote kwa pamoja, na chini yake krimu ilikuwa ya kijani. Mafuta ya nywele ndiyo yaliyovuja. Yananuka mafuta ya mandazi yaliyokaangiwa wiki nzima, halafu mtu akachanganya na rangi ya mlango. Nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa limau lililobaki, na bado naisikia ile harufu hapa ninapoandika. Iko kwenye kalamu.

Na tarehe. Kwenye mikebe mingi mahali pa tarehe pamesuguliwa kwa kile kiondoa rangi ya kucha mpaka plastiki imekwaruzika. Kwenye mingine kuna kibandiko kipya, na mtu ameandika mwaka ujao kwa kalamu. Kwa kalamu, Akiru. Kwenye gundi kuna alama ya kidole chake. Mtu anadanganya na hata mikono hanawi.

Ulipotoka kuoga nilikuuliza umenunua wapi, ukasema kwenye duka la jumla lililokuwa linaondoa mali ya zamani, na kwamba ulipata kwa bei ya kutupa. Nikakuuliza kama umefungua hata mmoja. Ukaendelea kujipaka losheni yako, losheni nzuri, niliitazama, na ukanijibu bila kugeuka.

"Mama, hizo ni za kambi. Huko kwa wakimbizi hakuna mtu anasoma tarehe."

Nilinyamaza, na wewe ukadhani nimekubali. Ukachukua mkeka wako ukatoka. Sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimewahi kusema maneno kama hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya mtu anayejipaka losheni, na nilikuwa nimeyasema kwa mama yangu.

Unakikumbuka kibanda changu cha kwanza nyuma ya soko, mabati juu, mabati pembeni, mabati mlangoni. Nilifundishwa kusuka na kuosha, hakuna aliyenifundisha kwamba vitu vya nywele vinakufa. Niliamini tarehe. Nilikuwa nimesoma, kwa hiyo niliamini kilichoandikwa. Lakini tarehe ya kiwandani imeandikwa kwa ajili ya kabati lenye kivuli mahali ambapo watu wanavaa sweta. Haiijui Lodwar. Saa saba mchana ndani ya kile kibanda ungeweza kuinua mkebe wa mafuta ukasikia yanacheza ndani kama supu. Usiku yanaganda, kesho yanayeyuka tena. Mkebe uliobakisha mwaka mzima ulikuwa unaweza kufa Jumanne, na mimi naendelea kuupaka watu hadi Krismasi kwa sababu maandishi yanasema uko hai.

Halafu kuna ule mchoro mdogo wa kopo lenye kifuniko wazi, namba ndani yake na herufi M. Kwa miaka nilidhani ni saizi, kama ya fulana. Mama Brian, yule nesi anayesukwa matuta kila mwisho wa mwezi, ndiye aliyeniambia kwamba ni miezi. Ukishafungua, hiyo ndiyo miezi ya kutumia, hata kama tarehe ya chini iko mbali. Nilicheka. Nikamwambia ningejua hivyo ningekuwa nimefilisika zamani. Kisha nikageuka nikaitazama rafu yangu, mikebe iliyofunguliwa nikiwa na mimba ya mdogo wako, na yeye wakati ule alikuwa ameshaanza shule.

Utakumbuka na habari ya mke wa karani. Krimu ya kulainisha ilikuwa inafika hapa kwa taabu, kwa hiyo ikipungua nusu naongeza maji ya mtungi na kutikisa. Maji ya mto Turkwel, na vyote vilivyomo. Baada ya muda chupa ikawa inatoa mapovu bila kuguswa, na mimi nikasema labda ni joto. Jumamosi nikampaka yule mama, nikamsuka vizuri sana, kazi ambayo ningejivunia. Jumapili kanisani nzi wakawaacha watu wote wakamchagua yeye. Akihama kiti, wanahama naye. Akijifunika leso, wanatua juu ya leso. Nilikuja nyumbani nikakusimulia, ukacheka mpaka ukalala chini, na mimi pia nikacheka. Leo nikikumbuka yule mama alivyokuwa anapunga mkono, polepole, akijifanya ni joto tu, sioni kinachochekesha. Alikuwa anajua. Hakuwahi kurudi kwangu wala kunilalamikia, alinisalimia tu njiani kwa heshima mpaka walipohamishwa.

Lakini nilitaka kufika kwa nyanya yako.

Mwaka jana, wakati redio zinatangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kila mteja alikuwa ananitania nichimbe chini ya kibanda. Mimi nilikuwa na mafuta yangu mwenyewe nisiyojua pa kuyapeleka. Nilikuwa nimenunua katoni ya mafuta ya nywele kwa bei ya kutupa, kama wewe, na tarehe yake ilikuwa imepita. Wageni wa ofisini walikuwa wameanza kuwa wengi mjini, na hao mkebe wanaugeuza chini kabla hawajakaa. Wawili walinirudishia mkononi. Nikaficha katoni chini ya benchi. Ikakaa hapo karibu na jiko la kuchemshia maji, na kila siku nikipita nausikia uvundo wake kidogo, nasema ni mtaro.

Kutupa kulinishinda. Nadhani hapo ndipo ubaya unapoanzia. Mtu anashika kitu kilichooza, anajua kimeoza, na bado moyo unamwambia atafute nani wa kumpa.

Nikamkumbuka mama. Nilikuwa naenda kwetu Lokiriama kuwaona yeye na baba, na sikutaka kwenda mikono mitupu. Wewe ulimwona nyanya yako ukiwa mdogo, shanga kutoka mabegani mpaka kidevuni, huoni shingo. Havui akilala, havui akioga. Anazipaka mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha mwenyewe, ili nyuzi zisikatike na shanga zing'ae. Mafuta yakianza kunuka, anawapa mbwa na kuyeyusha mengine. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, katika nyumba ambapo mafuta yaliyooza ni ya mbwa, na hakuna aliyehitaji kusoma popote.

Nikampelekea mikebe yote sita iliyokuwa imebaki. Niliipanga mbele yake kama mtu aliyefanikiwa. Akafungua mmoja akanusa, akaniangalia. Nikamwambia, "Hii si ya kichwa, mama. Ni ya shanga tu."

Ya shanga tu. Kana kwamba shanga zinaning'inia ukutani kwenye msumari. Akafunga kifuniko, akaniombea baraka, akaweka mikebe ndani kwenye sanduku lake la nguo. Nilirudi Lodwar nikiwa mwepesi kabisa. Chini ya benchi palikuwa safi na nilikuwa nimempa mama zawadi.

Wewe ulikuwa bweni, unajiandaa kwa mtihani, ndiyo maana hukuona yaliyofuata. Siku moja mchana nilisikia vilio upande wa soko. Nikatoka na kitana mkononi. Mama yangu alikuwa ameshuka kwenye lori la mbuzi na anakuja kwangu kwa miguu, shingo tupu. Sikuwa nimewahi kuiona shingo ya mama yangu maisha yangu yote. Ilikuwa nyembamba na kichwa kilionekana kikubwa mno juu yake. Unajua kwetu mwanamke mzima akivua shanga watu wanauliza nani amekufa, kwa hiyo alipopita sokoni wanawake walikuwa wameacha mizigo yao na kumsindikiza, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti bila kujua anamlilia nani. Mimi pia nilimwaza baba. Niliwawaza ndugu zangu mmoja baada ya mwingine. Nikamuuliza ni nani.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Ninawashwa tu."

Nilimwingiza ndani nikawafungia mlango wale wanawake. Akatoa kitambaa alichokuwa amejifunika mabegani.

Nitakueleza, na usiruke mstari. Pale ambapo shanga zilikuwa zimekaa na yale mafuta, na jasho, na vumbi, wiki baada ya wiki, ngozi ilikuwa imelowa na kuwa nyeupe. Ilikuwa na mistari ya nyuzi, mstari kwa mstari, na katikati ya mistari palikuwa pametunga usaha. Nyuma, chini ya nywele, palikuwa pamechubuka kabisa na nzi wameshapajua. Alikuwa amekata nyuzi mwenyewe kwa kisu. Shanga alizibeba kwenye mfuko, na nilipoutia mkono zilikuwa zimeshikana donge moja kwa kitu cha njano kinachonata kama gundi, na donge lenyewe lilikuwa na joto.

Na harufu. Ilikuwa ni ile ya chini ya benchi yangu. Niliijua kabla hajakaa. Harufu ya mkebe wangu ilikuwa inatoka kwenye ngozi ya mama yangu. Nilienda nyuma ya kibanda nikatapika, na nikiwa nimeinama pale nilijua vizuri kwamba sikuchukizwa na shingo yake. Nilichukizwa na mimi, na hali hiyo haijanitoka. Hata mafuta ya kupikia nikiyamimina huwa nanusa kwanza, unanicheka kila siku kwa hilo.

Mama Brian alikuja kila jioni baada ya kazi kumsafisha. Aliuona mkebe mmoja ambao mama alikuwa ameubeba ili atuonyeshe kile alichokuwa anatumia, akaugeuza chini, akasoma, akaurudisha mezani taratibu. Heri angenitukana.

Usiku mmoja, jeraha likiwa limeanza kukauka, nilimuuliza mama kama hakusikia kwamba yananuka. Yeye aliyenifundisha kunusa maziwa na nyama na mafuta, alikaaje na kitu hicho shingoni?

"Nilisikia," akaniambia. "Mbwa hawakutaka kulala karibu na mimi. Lakini umeniletea wewe. Nikasema labda ndivyo mafuta ya mjini yanavyonuka, na pua yangu ni ya porini."

Kisha akaniambia kwamba hakuwagawia majirani, walimwomba na akawanyima, kwa sababu aliyaona ni ya thamani sana. Akiru, nilishukuru. Nilikaa pale nikishukuru kwamba mama yangu alikuwa mchoyo.

Shanga nilizichemsha, nikazisugua kwa majivu, nikazianika juu ya mabati siku nyingi. Nyuzi nilizichoma. Bado nyingine nilipozinusa zilikuwa na kitu, nikazizika. Zilizobaki ndizo unazomwona nazo sasa, mizunguko michache tu, na juu yake ngozi yenye mabaka. Ulipokuja likizo ulimuuliza mbele yangu mbona amezipunguza. Nilikuwa nachekecha unga na mikono yangu ikasimama. Akakujibu kwamba zimekuwa nzito na yeye amezeeka. Hakunitazama hata kidogo. Mpaka leo hujawahi kusikia vingine kutoka kwake, na hutasikia, kwa hiyo nimekuambia mimi.

Mkebe aliokuja nao, na ile iliyobaki sandukuni kwake ambayo niliagiza iletwe, niliimwaga chooni. Choo kilinuka mpaka mvua ilipokuja, na unajua mvua yetu inavyojivuta.

Sasa nataka nikukumbushe siku tulipokwenda Kakuma kuangalia kibanda cha Furaha, msusi utakayefanya kazi naye. Wewe ulikuwa unapima dirisha uone kioo kitakaa wapi. Ulikuwa na furaha sana na nilipenda kukuona hivyo. Furaha alikuwa anamsuka mama mmoja mzee kutoka Sudan Kusini, mama mrefu, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha shida kwamba amebadilisha unga wake wa posho ili asukwe, maana hawezi kusimama kwenye harusi akiwa vile alivyo. Furaha alifungua mkebe. Sijui ulikuwa wa lini. Yule mama alinyoosha mkono akauomba, akausogeza puani. Nikamwona akisita. Akamtazama Furaha, akatazama mkebe, akaurudisha, akainamisha kichwa.

Wewe hukuona, ulikuwa dirishani. Mimi nilimjua yule mama hapo hapo. Nilikuwa nimemwona Lokiriama, akinusa mkebe niliompelekea mwenyewe.

Kwa hiyo usiniambie hawasomi tarehe. Wengine wanasoma kuliko wewe, kuna walimu pale, kuna wanawake wa Kikongo wanaojua nywele kuliko mimi nitakavyowahi kujua. Na asiyesoma ananusa. Wote watanusa, mwanangu. Watanusa kisha watainamisha kichwa, kwa sababu wamelipa, kwa sababu harusi ni kesho, kwa sababu wewe ni msichana mzuri umesoma na pengine ndivyo vitu vya kwenu vinavyonuka. Hakuna atakayekufokea. Ndiyo sehemu inayonitia kinyaa kuliko ule ukungu. Utafanya hivyo mwaka mzima na kila mtu atakuaga vizuri.

Najua hesabu yako ilivyo. Furaha analipa kibanda, wewe unaleta vitu vya kazi, na vitu vyenyewe ni hiyo katoni. Akiba yako yote ya kusuka watu tangu umalize shule imeingia humo. Ukifika bila katoni, Furaha anaweza kukasirika, anaweza hata kumchukua msichana mwingine, wapo wanaongoja. Ningekuwa nasema uongo nikikuambia haitakuwa hivyo. Niliwaza kuitupa mwenyewe usiku huu, nilikwisha kuinyanyua hadi mlangoni. Nikairudisha. Ningeitupa mimi, ungenichukia mimi, na ungenunua nyingine Kakuma.

Chini ya mtungi wa maji, kwenye ule mchanga wenye unyevu ambao ninakukataza kila siku kuuchezea, nimefukia mikebe yangu mipya. Ndivyo ninavyoiweka tangu nyanya yako arudi kwao, mahali pa baridi kuliko pote katika nyumba hii. Haijafunguliwa, tarehe zake hazijaguswa na mtu. Ni ya kazi yangu ya mwezi huu na mwezi ujao. Chukua. Haijazi katoni, inajaza nusu ya mfuko wa sukari. Nitawasuka wateja wangu kavu, watanilalamikia, nimeshazoea.

Au beba katoni. Nimerudisha kila kitu ndani kama ulivyokuwa umepanga na nimeifunga kwa ile kamba yako ya buluu. Fundo langu si zuri kama lako lakini halitafunguka njiani.

Mkebe mmoja tu ndio sijaurudisha.

Uliniahidi kwamba asubuhi, kabla gari halijapita, utanisuka, ili nikae na mkono wako kichwani mpaka utakaporudi. Nimeshafumua nywele zangu. Kigoda kiko mlangoni ambapo mwanga unaingia mapema, kitana kiko juu yake, na kando ya kitana nimeuweka huo mkebe. Nimeufungua. Sitaki unipake kitu kingine. Ukiweza kuchovya vidole vyako humo, ukanipitishia njia kwa njia kichwani, ukashuka mpaka nyuma ya shingo kama unavyopenda kumaliza, basi beba katoni yako, nitakusaidia mwenyewe kuipandisha garini na sitalisema neno hili tena.

Wala asubuhi sitasema kitu. Nitakaa, nitanusa, na nitainamisha kichwa.

Mama yako